Kiti cha Kufumwa kwa Mikono Yetu

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos



Tulipotaja mara ya kwanza, katika kikundi kimoja, kiti ambacho Wazungu wanakiita "mfuko wa maharagwe", mama mmoja mzee aliinua mkono akatuuliza, "Sasa Mwalimu, tukishayakalia hayo maharagwe, watoto watakula nini?" Watu walicheka sana. Lakini swali lake lilikuwa la maana, kwa sababu hapa Ukambani mvua ikikosa misimu miwili kila mtu anajua thamani ya debe moja la maharagwe. Basi tuanze kwa kumjibu. Ndani ya kiti hiki hakuna maharagwe. Ni jina tu. Chakula hakikaliwi, na hata ukikitia humo fukusi watakimaliza kabla hujapata mgeni wa kukikalia.

Kwa nini tuzungumze habari ya viti

Sisi kazi yetu ni kutembelea nyumba. Tukifika, mara nyingi tunaona mtoto akikimbizwa kwa jirani kuazima kiti. Mama anaona haya. Tunamwambia, "Usijali, tutakaa hapa kwenye kigoda," lakini moyo wake hautulii. Haya hiyo ndiyo inayotuingiza kwenye madeni.

Tulikuwa na mama mmoja katika kikundi tulichokisaidia. Zamu yake ya meri-go-raundi ilipofika, alichukua pesa zote akazipeleka dukani ziwe malipo ya kwanza ya makochi. Yaliyobaki angelipa kila mwezi. Makochi yakaja, majirani wakaja kuyaona, naye akafuma vitambaa vizuri vyeupe vya krosheti akavitandika juu. Mwezi wa tatu mahindi yalikauka shambani. Akauza mbuzi mmoja, halafu wa pili. Mwezi wa sita gari lilikuja likayabeba makochi. Alibaki na vitambaa vyake mkononi, na karo ya mtoto haijalipwa. Wazee walisema kweli: cha kuazima hakistiri maungo.

Hatumcheki mama huyo, kwa maana wengi wetu tumefanya kama yeye. Lakini jambo moja lilitukaa moyoni. Vile vitambaa ndivyo vilivyokuwa mali yake, kwa sababu alivifuma mwenyewe. Tukajiuliza: mikono inayojua kufuma kitambaa cha kufunika kiti, itashindwaje kufuma kiti chenyewe?

Wazo hili lilitoka wapi

Kiti cha mfuko kilibuniwa na Waitaliano watatu, Piero Gatti, Cesare Paolini na Franco Teodoro, mwaka wa 1968. Kilijazwa punje nyepesi za plastiki, na mtu akikaa zinasogea zikaufuata mwili wake. Lakini wenyewe walieleza kwamba wazo walilipata kwa wakulima wa kwao, waliokuwa wakijaza gunia majani na kulifanya godoro. Wenye umri kama wetu mnakumbuka magodoro ya nyasi. Kwa hiyo tusidhani ni kitu cha wakubwa. Kilitoka kijijini, na leo tunakirudisha kijijini.

Na kufuma kwake si kugeni kwetu. Mama wa Kikamba akisuka kyondo huanzia kitakoni, anazunguka, anaongeza nyuzi kidogo kidogo hadi kitako kienee, halafu anapanda juu bila kuongeza. Kiti chetu hufuata njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba tunatumia sindano ya krosheti, ile yenye ndoano, na mwishoni mdomo tunaufunga.

Vitu vya kutafuta

1. Fulana kuukuu 15 hadi 20. Za mitumba zilizochakaa zinafaa. Zisiwe na mshono ubavuni, kama zinapatikana.

2. Ndoano kubwa. Msinunue. Fundi wa kuchonga anaweza kuichonga kwa mti mgumu, unene wa kidole kidogo cha mkono, na kuilainisha kwa msasa ili isikwaruze uzi.

3. Kitambaa kigumu cha mfuko wa ndani, kama shuka kuukuu au leso mbili zilizoshonwa pamoja. Mfuko wa ndani usiachwe. Bila huo, vya ndani vitachungulia nje.

4. Vya kujazia: matambara makavu yaliyofuliwa na kukatwa vipande vidogo kama kiberiti, pamoja na mabaki ya sponji ya godoro. Matambara peke yake yanafaa lakini kiti kitakuwa kizito, kilo 8 au 10.

Kukata uzi

Laza fulana mezani. Kata sehemu ya juu chini ya makwapa, kata na pindo la chini. Unabaki na kipande kama bomba. Anza chini, kata utepe wa upana wa vidole viwili, ukizunguka bila kukatiza, kama unavyomenya chungwa ganda lisikatike. Ukimaliza, uvute utepe kwa nguvu. Utajikunja wenyewe uwe uzi wa mviringo. Mikono na shingo za fulana usitupe, hizo ndizo za kujazia.

Kufuma

Tengeneza kitanzi, na ndani yake fuma vitanzi 6. Kila kimoja hufumwa hivi: ingiza ndoano, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili juu ya ndoano, vuta uzi tena upite ndani ya vyote viwili. Basi.

Mzunguko wa pili, fuma mara mbili katika kila kitanzi, upate 12. Wa tatu upate 18. Wa nne 24. Kanuni ni kuongeza 6 kila mzunguko, na kuzitawanya hizo nyongeza, usizirundike mahali pamoja. Asiyejua kusoma ahesabu kwa kokote: kokote 6 zaidi kila anapozunguka. Kitako kikijikunja kama bakuli, umeongeza kidogo mno. Kikifanya mawimbi kama upindo wa sketi, umezidisha. Fumua urudie. Uzi wa fulana hauharibiki kwa kufumuliwa.

Mzunguko wa 17 utakuwa na vitanzi 102, na kitako kitakuwa na upana wa nusu mita hivi. Hapo acha kuongeza. Zunguka mara 20 bila kuongeza wala kupunguza, na ukuta utapanda kiasi cha sentimita 30. Kisha anza kupunguza: mahali sita katika kila mzunguko, fuma vitanzi viwili viwe kimoja. Baada ya mizunguko 10 utabaki na vitanzi 42, na mdomo wa kuingiza mkono vizuri. Tia mfuko wa ndani ukiwa mtupu, ujaze kwa mdomo wake, ushindilie pembeni kwanza na katikati mwisho, kisha uushone. Pitisha kamba ya mkonge katika vitanzi vya mwisho, uvute mdomo ujifunge, ufunge fundo kali.

Ukiwa na sakafu ya udongo, usikiweke chini moja kwa moja. Tandika mkeka au gunia chini yake, na kila wiki kitoe juani kukimbiza unyevu na viroboto.

Kosa letu wenyewe

Tuwaambie ukweli, kwa sababu anayefundisha akificha makosa yake anawatuma wenzake shimoni. Kiti cha kwanza tulichosimamia tulisema kijazwe maganda ya mahindi na ya maharagwe, kwa kuwa ni ya bure. Kilipendeza. Mvua za Novemba zilipokuja kilivuta unyevu, kikanuka, na panya akazaa humo. Akina mama walituamini, na kazi yao ya siku nyingi ikatupwa jalalani. Tangu siku hiyo tunasema: usijaze kitu kilichokuwa chakula au ganda la chakula.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tuliwahimiza wanakikundi wafume viti 12 vya kuuza, kabla hatujamtafuta hata mnunuzi mmoja. Vilikaa kwenye stoo karibu mwaka mzima. Viwili vikauzwa, vingine wakagawana. Tulisahau somo la viondo. Mnakumbuka miaka ya 1970 na 1980 viondo vyetu vilivyopendwa Ulaya na Marekani? Baadaye viigizo vya bei ya chini vikaingia sokoni, na waliotegemea mnunuzi wa mbali peke yake wakaumia. Hatusemi msiuze. Tunasema kwanza kifumieni nyumba zenu. Mgeni akikikalia akikupenda, ataulizia bei mwenyewe.

Na akiuliza, msitaje bei ya huruma. Hesabuni. Tuseme fulana 20 kwa shilingi 30 kila moja ni shilingi 600. Kitambaa cha ndani tuseme 150. Hapo ni 750, na bado hujajilipa. Kukata na kufuma huchukua kama saa 15 kwa mtu aliyekwisha zoea. Ukiuza kwa 800, umefanya kazi saa 15 kwa shilingi 50. Hiyo si biashara, ni kujichosha.

Habari ya watoto

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mtoto mchanga asilazwe juu ya kiti hiki hata dakika moja. Uso wake ukizama humo hawezi kujigeuza, na pumzi itaziba. Na msinunue zile punje nyepesi nyeupe za plastiki. Huko Marekani watoto walikufa walipofungua zipu wakaingia ndani na kuvuta punje hizo puani. Ndiyo maana sisi mdomo tunaufunga kwa fundo na hatuweki zipu. Tena sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Kiti kiwe mbali na jiko na koroboi.

Turudi kwenye mwethya

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Babu zetu na bibi zetu hawakuchimba matuta ya vilima hivi kwa mkopo. Walikuwa na mwethya: leo shamba lako, kesho langu. Leo meri-go-raundi yetu huzungusha pesa, na ni vizuri. Lakini pesa zikifika mkononi duka linaziita. Mikono haiwezi kuchukuliwa na gari la dukani.

Tunawaomba mjaribu meri-go-raundi ya viti. Kikundi cha watu 15 kikutane katika nyumba ya mmoja, saa mbili au tatu tu. Kila mmoja aje na fulana moja kuukuu na mfuko wa matambara safi. Wanne wakate uzi, mmoja afume kitako na kuta, mwingine afume sehemu ya juu peke yake ikaunganishwe baadaye, wawili washone mfuko wa ndani, waliobaki wakate matambara. Wasioona vizuri sindano wanaweza kukata. Kisichomalizika, mwenye nyumba ataendelea nacho jioni. Wiki ijayo mnahamia nyumba nyingine. Baada ya miezi michache kila nyumba ina kiti, na hakuna anayedaiwa na mtu.

Yule mama tuliyemtaja mwanzoni alikuwa wa tatu kufumiwa. Vitambaa vyake vyeupe alivihifadhi muda wote huo ndani ya sanduku. Siku kiti kilipokwisha alitandika kimoja juu, akarudi nyuma akakitazama, halafu akatuambia, "Mwalimu, keti. Hiki hakuna wa kuja kukichukua." Tukaketi. Kilikuwa kigumu kidogo upande mmoja, kwa sababu hakukishindilia sawasawa, lakini chai tuliyokunywa siku hiyo ilikuwa tamu.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni pesa ngapi za zamu zilizopita ziliishia kwenye deni la vitu vya nyumbani? Tuseme ukweli bila kuaibishana.

2. Nani kati yetu anajua krosheti au kusuka viondo, na yuko tayari kuwafundisha wengine?

3. Tukitaka kuuza, mnunuzi wa kwanza ni nani, na atalipa bei gani? Tusifume hata kimoja cha kuuza kabla ya kujibu swali hili.

4. Nyumba ya kwanza iwe ya nani? Tufikirie yule anayeona haya zaidi mgeni anapobisha hodi.