Mashua ya Redio Kutoka Sanduku la Zamani
(Mazungumzo na vikundi vya vijana wa pwani)



Tumeombwa tuzungumze juu ya lile sanduku lililoleta maneno katika kikundi cha vijana. Wengine mmeliona. Ndani yake mna vipande vya kuunda mashua ndogo ya matanga inayoongozwa kwa redio. Lililetwa na mgeni kutoka Uingereza baada ya kukaa darini kwake miaka mingi. Wazee wameuliza: je, pesa za kikundi ziingie kwenye mchezo wa watoto? Swali ni la haki nasi tutalijibu, lakini kwanza tukijue kitu chenyewe.

Mashua hii ni ya aina iitwayo Marblehead, jina la mji wa pwani huko Marekani ambako aina hiyo ilianza mwaka 1930. Urefu wake ni inchi 50 na matanga yake ni inchi za mraba 800. Siku hizo haikuwa na redio. Mwenye mashua alitega usukani ujiongoze kwa nguvu ya upepo, akaiachilia bwawani, kisha akakimbia ukingoni na fimbo ili aigeuze ikifika ng'ambo. Redio ilikuja baadaye. Na injini haina, tafadhali! Inakwenda kwa upepo kama ngalawa. Redio ina kazi mbili tu: kugeuza usukani, na kukaza au kulegeza demani. Kijana anayejua kubisha ataielewa siku hiyo hiyo.

Sasa tufungue sanduku. Msishike gundi bado. Tandazeni ramani mezani na kila kipande kiwekwe juu ya picha yake. Kilichopotea kiandikwe. Mbao kwa kawaida hudumu. Plaiwudi ndiyo ya kuangalia, kwa maana ikiwa ilipata unyevu tabaka zake huachana. Ikunjeni kidogo pembeni na msikilize. Ikilia, tumieni kipande hicho kama kielelezo cha kukatia kingine kipya. Plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti. Gundi iliyomo sandukuni tupeni, hata kama bado ni laini. Nunueni ile ya tyubu mbili ya kuchanganya, isiyoogopa maji.

Mataruma yasimamishwe juu ya ubao ulionyooka, na uzi uvutwe kutoka omo hadi shetri. Hapa vijana hukosa subira. Taruma moja likikaa upande kwa upana wa njiti ya kiberiti, mashua itakwenda kombo maisha yake yote na hakuna msasa wa kuiponya. Pangeni yote makavu kwanza, mtazame kwa jicho moja, mwite na mwingine atazame. Ndipo mpake gundi.

Kuna jambo ambalo hatutanyamaza. Mashua hii husimama kwa sababu ya uzito ulio chini ya mkuku, na uzito huo huwa zaidi ya nusu ya mashua nzima. Katika sanduku letu risasi haimo. Kijana mmoja akasema atavunja betri kuukuu ya gari aiyeyushe jikoni kwa mama yake. Hapana! Betri ya gari ina asidi inayochoma, na moshi na vumbi la risasi huharibu akili za watoto wadogo, hata kwa kiasi kidogo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Tumieni chubwi za wavuvi, mzipange baridi ndani ya kalibu na kumwagia ile gundi. Uzito utakuwa mnene kidogo kuliko ramani inavyoonyesha, na mashua itapungua mwendo. Sisi tunaona heri hivyo. Nawaji mikono mkimaliza.

Redio yenyewe ya zamani haifai kuhangaikiwa. Zile za kale zilitumia fuwele za kulinganisha mawimbi, na mashua mbili zenye wimbi moja zilivurugana majini. Za sasa hujitafutia nafasi zenyewe. Betri za kuchaji zilizokaa miaka hiyo yote zimekufa, na nyingi zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Msizitupe shambani wala chooni. Mkifunga redio mpya, waya wa kupokea ukae juu, mbali na maji, kwa sababu mawimbi haya hayapiti majini.

Basi tulijibu swali la wazee. Mradi huu hauleti pesa, na yeyote atakayewaambia utaleta anawadanganya. Kwa hiyo akiba ya kikundi, hasa ile ya akina mama ya karo na matibabu, isiguswe. Tumekubaliana na viongozi kwamba vijana wanaotaka watachanga wao wenyewe, kwa daftari lao, na mweka hazina wao atasoma hesabu mbele ya wote. Wanachopata ni ufundi: kusoma ramani, kupima, kuunganisha mbao zisivuje. Fundi wa mashua aliye hapa kijijini amekubali kuwasimamia Jumamosi mchana, na anasema angependa wasichana nao waje.

Siku ya kwanza majini, jaribuni kwenye maji yaliyotulia, asubuhi kabla upepo haujapanda. Ilazeni mpaka mlingoti uguse maji, mwachie. Lazima isimame yenyewe. Ikizidi kukimbilia upepo, sogezeni mlingoti mbele kidogo. Na fungeni uzi mrefu wa kuvulia kwenye shetri, maana betri ikiisha katikati ya hori, mtu atalazimika kuogelea.