Haki ya Kusikilizwa: Maandalizi ya Mikutano ya Wananchi na Ziara za Shuleni

Mada iliyotolewa na ofisa wa elimu kwa umma wa mamlaka ya udhibiti katika kikao cha maandalizi



Huenda baadhi yenu mnajiuliza mtumishi wa mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati ana lipi la kusema katika kikao kinachopanga mikutano ya haki za binadamu. Jibu langu ni fupi: mtumiaji wa huduma na raia mwenye haki ni mtu mmoja. Anayefika kwetu asubuhi na ankara ya maji asiyoielewa ndiye huyo huyo atakayefika kwenu mchana kueleza kwamba ndugu yake amewekwa mahabusu bila kuambiwa kosa. Nauli ni ile ile, na hofu ya kuingia ofisini ni ile ile.

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mtumiaji: haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Ndiyo maana Siku ya Haki za Watumiaji Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Kwa maoni yangu, ile ya nne ndiyo inayozilinda nyingine tatu, na ndiyo inayotuunganisha sisi na Tume. Hoja ninayoileta mbele yenu ni moja tu: mkutano wa haki unaosema bila kusikiliza huwanyima wananchi haki ile ile uliyokuja kuwafundisha.

Naomba nianze na jambo nililolishuhudia. Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yetu ilitembelewa na wageni waliokuja kutufundisha haki za mtoto. Tulipangwa mistari chini ya mwembe. Mgeni mkuu alizungumza vizuri, akatueleza kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu. Tulipiga makofi, kisha tukagawiwa kalamu na vipeperushi. Wiki mbili kabla ya siku ile, msichana niliyekuwa nikiketi naye dawati moja alikuwa ameondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito. Kila aliyesimama mstarini alilijua hilo. Mgeni alipouliza kama kuna swali, tulitazamana, tukawatazama walimu waliosimama kando, kisha tukatazama chini. Mgeni akatushukuru kwa usikivu wetu, na gari likaondoka.

Simlaumu mgeni yule. Hakuna aliyemwambia, na sisi hatukuwa na namna ya kumwambia. Mwezi Novemba 2021, Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurejea katika shule za mfumo rasmi. Wakati huo mtoto wa mwenzangu alikuwa tayari anasoma shule ya msingi. Kwa msichana aliye kidato cha pili leo, uamuzi huo una manufaa iwapo yeye na mzazi wake wanaujua, na iwapo wanajua pa kwenda pindi mtu anapowarudisha mlangoni. Mambo hayo mawili, kujua na kuwa na pa kwenda, ndiyo mikutano yetu inapaswa kuyatoa kwa pamoja.

Ndugu washiriki, kusikiliza si jambo geni katika nchi hii. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa miongoni mwa vyombo vya mwanzo kabisa vya aina yake barani Afrika. Makamishna wake, chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya, walizunguka mikoani. Walieleza kazi yao katika mikutano ya hadhara, kisha wakawasikiliza walalamikaji faraghani. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 ndiyo yaliyotupatia Tume ya sasa, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Ibara ya 130 ya Katiba inapoorodhesha majukumu ya Tume hii, linalotangulia ni kuhamasisha hifadhi ya haki za binadamu na wajibu kwa jamii. Kupokea malalamiko hufuata. Mpangilio huo una busara, kwa kuwa asiyejua kwamba ana haki hawezi kueleza kwamba imevunjwa. Lakini majukumu hayo mawili hayakuwekwa jirani ili tuyatenganishe. Hadhara inapokwisha, faragha ianze.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Usemi huo ni wa kweli, ila tuukumbuke upande wa pili: wapo wasioficha kwa kupenda, bali hawajapata mahali pa kufunulia. Kwa sababu hiyo napendekeza mambo manne kwa ajili ya mikutano ya wananchi.

Kwanza, mkutano uwafuate watu. Ukumbi wa wilaya saa nne asubuhi siku ya kazi utajaa watumishi wa umma. Siku ya gulio, au jioni baada ya kazi za shamba, utawapata wale tunaowatafuta. Tuwaulize wanawake wa eneo husika ni saa ngapi hawako kisimani wala jikoni. Tuhakikishe mwenye kiti cha magurudumu anafika mbele, na kiziwi anapata mkalimani wa lugha ya alama.

Pili, pawepo meza ya faragha, mbali na jukwaa na mbali na vipaza sauti. Watendaji wa kata mliopo hapa mtaniwia radhi: asiketi pale kiongozi yeyote wa eneo hilo. Si kwamba hatuwaamini. Ni kwamba mwananchi anaweza kuwa na lalamiko dhidi ya ofisi yenu, na hata asipokuwa nalo, anahitaji kuona kwamba angeweza kulitoa.

Tatu, asiwepo mwananchi atakayeambiwa tu, "Hilo si letu, nenda kule." Sentensi hiyo imeua malalamiko mengi kuliko sheria yoyote. Ofisa atakayepokea jambo lililo nje ya mamlaka yake aliandike, alipeleke yeye kwa chombo kinachohusika, na ampe mlalamikaji jina la chombo hicho kwa maandishi. Tukikaa meza moja, maofisa wa Tume, sisi wadhibiti na ofisa wa ustawi wa jamii, hatua hiyo ni ya kugeuza shingo tu.

Nne, kila lalamiko liwe na namba, na mlalamikaji aondoke nayo. Asiye na namba huanza upya kila anaporudi ofisini.

Pamoja na hayo, tuwe wakweli kuhusu uwezo wetu na mipaka yetu. Ahadi tusiyoiweza humrudisha mtu nyumbani akiwa amevunjika moyo mara mbili. Mwananchi aelezwe kwamba kulalamika mbele ya Tume hakuna malipo. Kwamba anaweza kulalamika mwenyewe, au kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisemea, au kwa ajili ya kundi la watu. Na kwamba mbali na makao makuu Dodoma, Tume ina ofisi Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza na Lindi. Aelezwe pia kwamba Tume haichunguzi shauri ambalo tayari liko mahakamani, na kwamba mwisho wa uchunguzi wake ni mapendekezo, si hukumu.

Mfano unaojulikana ni wa wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walioondolewa kwa nguvu mwaka 2001, nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka malalamiko kwa Tume kwa niaba ya watu 135. Tume ilichunguza, ikaona kwamba haki zao zilikiukwa, ikapendekeza walipwe fidia. Mapendekezo hayo hayakukubaliwa na Serikali, na mgogoro ukaingia mahakamani, ambako sheria inaipa Tume nafasi ya kupeleka shauri pale mapendekezo yake yasipotekelezwa. Natoa mfano huu si kuwakatisha tamaa wananchi. Nautoa ili wajue kwamba njia inaweza kuwa ndefu, na kwamba wale 135 walifika walikofika kwa sababu malalamiko yao yaliandikwa, yakachunguzwa, na yakabaki katika kumbukumbu.

Kwa upande wa huduma, utaratibu ni huu. Mtumiaji aanze kwa mtoa huduma mwenyewe, iwe ni mamlaka ya maji, shirika la umeme au kampuni ya simu. Alalamike kwa maandishi, au ahakikishe amepewa namba ya lalamiko lake. Asiporidhika, aende kwa mdhibiti wa sekta hiyo akiwa na nakala ya alichoandika na alichojibiwa. Anayeruka hatua ya kwanza hurudishwa nyuma, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamefukuzwa.

Sasa niwageukie walimu walezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni yake. Basi ziara ya shuleni isiwe hotuba ya saa mbili ikifuatiwa na dakika tano za maswali. Napendekeza tutumie kitu ambacho wanafunzi tayari wanafundishwa darasani: uandishi wa barua rasmi. Badala ya kuwaandikisha barua ya kuomba kazi kwa meneja wa kampuni ya kubuni, tuwape jambo la kweli. Bomba la shule halijatoa maji tangu mwezi uliopita. Ankara ya nyumbani imepanda na hakuna anayejua kwa nini. Kondakta humwacha kituoni kila mwenye sare ya shule. Kila barua ijibu maswali manne: nini kimetokea, kimetokea lini na wapi, nani anahusika, na mwandishi anaomba kifanyike nini. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Barua nyingi tunazopokea zinaeleza maumivu kwa kirefu, lakini hazisemi mwandishi anataka nini.

Mwanafunzi aliyejifunza kuandika barua hiyo hataiacha darasani. Ataisoma ankara ya bibi yake, atamwonyesha tarehe ya mita kusomwa, na siku moja atamwandikia bibi huyo lalamiko. Kwa njia hiyo ziara moja ya shuleni huingia katika nyumba ambazo gari letu halitafika.

Liko pia jambo lisiloweza kusomwa mbele ya darasa. Kwa ajili hiyo, kila ziara iwe na sanduku la karatasi, ufunguo wake ukae kwa ofisa mgeni na si kwa shule, na wanafunzi wote waandike, hata asiye na neno aandike "sina neno", ili anayeandika jambo zito asitambulike kwa kuinama. Karatasi hizo zisomwe siku hiyo hiyo, si mwisho wa robo mwaka. Ikionekana kwamba mtoto yuko hatarini, asitajwe hadharani wala asiitwe ofisini mbele ya wenzake. Taarifa iende kwa ofisa ustawi wa jamii na kwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Na kabla ya kuondoka, kila mtoto awe ameikariri namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi.

Ndugu Mwenyekiti, taarifa zetu za utekelezaji zimezoea kuhesabu waliohudhuria, fulana zilizogawiwa na vipeperushi vilivyochapwa. Sisemi hesabu hizo ziachwe, maana wakaguzi watazitaka. Naomba tuongeze nyingine tatu: ni wangapi waliondoka na namba ya lalamiko, ni wangapi wamejibiwa, na ni shule ngapi tulizorudi mara ya pili kuwaeleza wanafunzi kilichofanyika kuhusu walichoandika. Hesabu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo itakayoamua kama ziara inayofuata watatuambia ukweli au watatazama chini.

Nimeiona orodha ya mahitaji iliyosambazwa asubuhi. Ina turubai, viti mia mbili, vipaza sauti, jenereta na maji ya kunywa. Naomba iongezwe meza moja ya pembeni, viti viwili na daftari.