Barabara na Majani Yetu



Chai haingoji. Jani lililochumwa asubuhi lapaswa kufika kiwandani siku ile ile. Nalo hapa Rungwe hustawi wakati wa mvua, ndipo barabara zinapoharibika. Masika ya mwaka 2023 tulimwaga majani ya kituo kizima kwa kuwa lori lilikwama chini ya kilima. Tukailaumu Serikali. Kisha tukaenda kutazama: mfereji ulikuwa umefukiwa, na juu yake imepandwa michai. Mwenyewe ni mmoja wetu. Hatumtaji, naye yumo humu.

Maji yakikosa mfereji hushika barabara, huchukua changarawe na kuacha makorongo. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zimo mikononi mwa TARURA, nazo hutunzwa kwa fedha za Mfuko wa Barabara, ambazo sote twazitoa kila tununuapo petroli, hata ya pikipiki. Basi changarawe ile ni mali yetu, kama mizani ya kituo ilivyo mali yetu.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, twaomba kila kituo kizibue mifereji na makalavati yake. Halmashauri ya Chama itaanzia pale penye michai ile.