Ndoo ya Barafu

Msikilizaji, mwaka 2014 Wamarekani walijimwagia ndoo za maji ya barafu katika changamoto ya kuchangisha fedha, wengine tukacheka. Aliyeivumisha sana changamoto hiyo ni Pete Frates, mchezaji wa zamani wa besiboli huko Boston. Alikuwa na ugonjwa wa ALS: neva zinazoamrisha misuli hufa, mikono na miguu hulegea, mwisho hata kupumua humshinda mtu, huku akili mara nyingi ikibaki timamu. Chama cha ALS cha Marekani kilikusanya dola milioni 115 kupitia changamoto hiyo. Sehemu yake iligharimia utafiti ulioihusisha jeni ya NEK1 na ugonjwa huo. Frates alifariki 2019.

Nanyi mkimchangia jirani mwenye maradhi haya, msimalizie fedha kwenye dawa, kwani zilizopo hupunguza kasi ya ugonjwa tu. Tengeni fungu la kiti cha magurudumu, la mashine ya kupumulia, na la anayemgeuza usiku.