Komuni Ni Nyumba ya Nani?

Mazungumzo na familia zilizohamishwa na viongozi wa mitaa, Kolwezi



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kukaa nasi. Kati yetu wako waliotolewa katika mtaa wao kwa sababu ya mgodi. Wako waliokimbia vita mahali pengine. Wako wazee wanaokumbuka mwaka 1993. Na wako viongozi wa avenyu, wa mitaa na wa komuni, ambao wote hao huwapigia hodi kila asubuhi. Leo tunataka kuzungumza juu ya komuni: ilitoka wapi, ina nguvu gani, na kwa nini tunaamini kwamba amani ya Kolwezi inapitia mlangoni mwake.

Mji uliozaliwa na kampuni

Kolwezi haikuanza kama vijiji vingi vinavyoanza, kwa ukoo na mto. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Union Minière, kampuni ya shaba, kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kampuni iliita wafanyakazi kutoka Katanga, Kasai na mbali zaidi. Iliwajengea kambi, ikawapa posho, hospitali na shule. Mtu akivunjikiwa na mlango, alikwenda kwa kampuni. Mtoto akizaliwa, kampuni ilijua.

Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, na baadaye jina likawa Gécamines. Desturi ile iliendelea. Watu walisema Gécamines ni baba na mama. Lakini baba huyo alipougua, watoto hawakuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Siku ile wengi waligundua kwamba waliishi mjini miaka 30 bila kujua ofisi ya komuni inafanya kazi gani.

Uchaguzi wa 1957 na kidonda chake

Mnamo Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komuni kwa mara ya kwanza katika miji 3: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Lilikuwa jambo jema. Lakini kule Élisabethville, wakuu wa komuni za Waafrika waliopatikana walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Waliojiona wenyeji waliumia moyoni. Mwaka uliofuata, 1958, chama cha CONAKAT kikaanzishwa.

Hatusemi uchaguzi ule ulikuwa mbaya. Tunasema kwamba swali lake halikujibiwa: komuni ni ya wenye asili ya mahali, au ni ya wote wanaokaa humo? Swali lisilojibiwa halifi, linalala tu. Liliamka tena kati ya 1992 na 1994, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Hapa Kolwezi, mwaka 1993, familia nyingi zililala kwenye kituo cha treni, wakingojea kupelekwa Kasai, nchi ambayo watoto wao wengi hawajawahi kuiona. Wengine walikufa njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamekaa avenyu moja na kuchota maji bomba moja.

Tunalikumbusha jambo hili bila kutaka kufungua kidonda. Tunalikumbusha kwa sababu leo tena wageni wanafika kutafuta kazi au usalama, na tena tunasikia maneno yale yale sokoni.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2006 inasema kwamba mji, komuni, sekta na usultani zina uongozi wake zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza namna yake. Kila komuni iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na wananchi, na mkuu wa komuni, tunayemwita burgumestri, pamoja na wasaidizi wake. Baraza linapitisha bajeti na kuwasimamia viongozi. Komuni inaangalia masoko yake, usafi, mifereji na barabara za mtaa. Inaandika pia vizazi, ndoa na vifo.

Kolwezi ina komuni 2, Dilala na Manika. Tangu 2015 mji huu ni makao ya jimbo la Lualaba. Kwa miaka mingi viongozi wa komuni waliteuliwa tu kutoka juu. Ni katika uchaguzi wa Desemba 2023 ambapo wananchi wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuchagua washauri wa komuni. Miaka 15 ilipita kati ya sheria na kura hiyo.

Kuna pia fedha. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komuni, sekta au usultani ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Wengi hawajawahi kusikia hesabu hizi zikisomwa mbele yao.

Kasulo na mfano wa mbali

Mnakumbuka Kasulo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Kwa muda mfupi mashimo yalichimbwa hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa uchimbaji, na mamia ya familia wakahamishwa. Tangu hapo mitaa mingine pia imeguswa na migodi. Tunawasikia watu wakisema: nilikwenda kwa kampuni, wakanituma jimboni, nilikwenda jimboni, wakanirudisha kwa kampuni. Komuni, iliyo karibu, haikuulizwa.

Huko Uingereza kuna mji wa makaa ya mawe unaoitwa Barnsley. Baraza la mji huo katika umbo lake la sasa lilianza tarehe 1 Aprili 1974, na kila kata huchagua washauri 3. Baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985 migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na watu waliteseka sana. Lakini baraza halikuondoka na makaa. Wananchi walibaki na mahali pa kupeleka shida na watu wa kuwalaumu kwa kura. Shaba na kobalti nazo zitakwisha siku moja. Je, sisi tutabaki na nini?

Tunayowaomba

Kwa familia: andikisheni watoto wenu, na tunzeni kila karatasi ya nyumba na ya malipo. Msiende ofisini mmoja mmoja. Nendeni pamoja, waliohamishwa na waliowapokea, ili asiwepo wa kusema ni shida ya kabila fulani.

Kwa viongozi: someni mbele ya watu kiasi kilichopokelewa na kilichotumika. Kabla mtaa haujahamishwa, kaeni na wakaaji wake. Na anapofika mgeni, mwulizeni anakaa avenyu gani kabla ya kumwuliza babu yake alizaliwa wapi.

Komuni ni ya anayekaa humo, anayelipa kodi ya soko humo na anayezika wafu wake humo. Tukikubaliana juu ya hilo, kituo cha treni kitabaki mahali pa kupokea wageni.