Namba ya sukari na sahani ya ugali
Msikilizaji, tuitazame sukari ya damu inayopimwa nyumbani. Hoja yangu ni hii: mashine humfaa mgonjwa pale namba inapobadilisha sahani. Chukua mlo wa mchana wa mwenye kisukari asiyetumia insulini: ugali wa dona, dagaa, mchicha kidogo. Anachoma pembeni mwa ncha ya kidole kabla ya kula, mashine inasoma milimoli 6.8 kwa lita, saa mbili baadaye inasoma 13, wakati shabaha ya wengi ni chini ya 10. Wengi watalaumu chai ya asubuhi. Lakini dona nayo ni wanga, na wanga ukimeng'enywa huwa glukosi. Kweli, ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila bonge likiwa kubwa sukari hupanda vilevile. Kesho apunguze ugali nusu, aongeze mchicha, apime tena. Hapo namba imemwambia kitu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wapo wanaosema vijiti vya kupimia ni ghali, na kwa wasiotumia insulini ni kupoteza hela. Wana hoja: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2012 yaliona faida ndogo kwa wagonjwa hao wa aina ya pili, tena iliyofifia baada ya mwaka. Anayetumia insulini ni habari nyingine. Kipimo humwonya sukari inaposhuka mno, asiache. Kwa wengine, naona vipimo vichache vya kabla na baada ya mlo, vikiandikwa daftarini, vina thamani kuliko kujichoma kila siku bila kujua namba inadai nini. Je, kliniki zetu zina muda wa kukaa na mgonjwa zikalisoma daftari hilo?