Tanga na injini: nani ampishe nani ziwani?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wachuuzi wa samaki, wauzaji wa ndizi na wahudumu wa bodaboda mjini Suneka. Tunayachapisha kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

 

Najua swali mlilo nalo. Kaunti ya Kisii haina ufuo hata mmoja, na hapa Suneka tuna uwanja mdogo wa ndege lakini bandari hatuna. Mambo ya mashua yanatuhusu nini? Jibu liko kwenye meza za samaki. Omena na mbuta tunaowanunua hapa wametoka Ziwa Victoria, na aliyewafuata ni mtu wetu. Alipanda matatu hadi Rongo, akashika njia ya Homa Bay, akafika Mbita, na pengine akavuka kwa boti hadi kisiwa cha Mfangano. Akiwa ndani ya boti hiyo, uhai wake umo mikononi mwa nahodha, na nahodha ana kanuni za kufuata. Nataka tuzijue kanuni hizo kwa sababu moja: abiria asiyezijua ndiye humsukuma nahodha azivunje.

Kwanza niweke neno moja sawa. Nikisema matanga leo, sizungumzii yale ya kukesha kwenye kilio. Nazungumzia vile vitambaa vikubwa vinavyokamata upepo na kusukuma mashua. Ingawa, kanuni hizi zikipuuzwa, matanga ya aina moja huleta matanga ya aina ya pili.

Mwaka 1972 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia migongano majini, na zikaanza kutumika mwaka 1977. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari kuu na maji yanayoungana nayo, lakini mantiki yake ndiyo wanayofundishwa manahodha hata kwenye maziwa. Inayotuhusu zaidi ni hii: boti inayokwenda kwa injini huipisha mashua inayokwenda kwa tanga.

Naona vijana wa bodaboda wanacheka. Mmezoea kanuni ya barabarani ambayo haijaandikwa popote, kwamba lori likija mwenye pikipiki ashuke kwenye majani. Majini mambo hugeuzwa. Anayepisha ni yule mwenye uwezo zaidi wa kugeuka, kupunguza mwendo au kurudi nyuma. Mwenye injini anaweza kufanya yote matatu. Mwenye tanga anategemea upepo, na upepo haumsikilizi. Hata angani ni hivyo hivyo: ndege ya injini hutakiwa kuipisha ndege isiyo na injini inayoelea kwa hewa tu.

Tena mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Hulazimika kukata pembe, mara kulia, mara kushoto, mwendo ambao watu wa Pwani huuita kubisha. Mtu wa injini akiiona ikigeuka mbele yake hudhani nahodha wake amelewa, au anamchokoza. Hapana, anautafuta upepo, na hana njia nyingine ya kufika nyumbani.

Upepo wenyewe mnaujua kuliko mnavyodhani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hivyo hewa hutoka ziwani ikija huku kwetu. Ikipanda vilima vya Gusii hupoa, na ndiyo ile mvua ya alasiri inayotufukuza sokoni. Usiku mambo hubadilika, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mvuvi wa tanga hutumia zote mbili: hutoka alfajiri akisukumwa na wa nchi kavu, hurudi mchana akisukumwa na wa ziwani. Sasa fikirini. Saa ambayo matanga yanarudi ufuoni ndiyo saa mchuuzi wa Suneka anaangalia mawingu na kumwambia nahodha wa boti aongeze moto, ili awahi matatu kabla ya mvua. Wote wanakimbilia ufuo mmoja, mmoja kwa injini na mwingine kwa tanga.

Haki ya mwenye tanga ina mipaka, na hili lazima nilisema wazi kwa sababu ugomvi mwingi hutokana nalo. Akimpita mwingine kutoka nyuma, yeye ndiye wa kujiepusha, hata kama anayepitwa ana injini. Kwenye mkondo mwembamba haruhusiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mkondo huo. Mashua inayovua kwa nyavu au kamba zinazoifanya isigeuke kwa urahisi hupishwa na wote, mwenye tanga pia. Na wale wenye mashua iliyotweka tanga huku injini ndogo ikinguruma nyuma, wasidai haki ya tanga. Injini ikiwa inaisukuma, hiyo ni boti ya injini, tanga liwe juu au lisiwe juu.

Injini mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Hapa ndipo nawaomba vijana wanisikilize sana, kwa sababu kijana anaweza kuacha bodaboda akaenda ziwani kuendesha boti. Barabarani Kenya tunashika kushoto. Mkono umeshazoea, na hofu ikikushika unakwenda kushoto bila kufikiri. Majini mwenzako atakwenda kulia kwake, wewe utakwenda kushoto kwako, na mtakutana palepale mlipokuwa mkikimbia. Hata honi zina lugha yake. Boti ya injini ikipiga mlio mmoja mfupi inasema inageuka kulia, miwili inasema kushoto, mitano au zaidi inasema: sielewi unachotaka kufanya. Si kama hapa stendi, ambapo honi ina maana moja tu, nayo ni "toka".

Kuna anayeuliza kwa nini wasingojee wakaribiane ndipo waamue. Boti inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 hivi kila sekunde. Mashua ya tanga inayoijia kwa kilomita 10 kwa saa huongeza karibu mita 3. Zikiwa zimeachana mita 300, kama viwanja vitatu vya kandanda, zina sekunde 21 hivi kabla ya kugongana. Na boti haina breki. Ndiyo maana kanuni inataka anayepisha apishe mapema na kwa namna inayoonekana, na anayepishwa ashike mwelekeo na mwendo wake bila kuyumbayumba. Lakini akiona mwenzake hapishi, mwenye haki naye ajiepushe. Haki ya njia haielei maji yakiingia ndani.

Wala si lazima zigusane ndipo watu wafe. Wimbi linaloachwa na boti ya kasi linatosha kuijaza maji mashua ndogo iliyobeba samaki hadi ukingoni. Mwenye boti anaweza kufika Mbita bila kujua alichoacha nyuma. Kwangu hili ni baya kuliko ubishi wowote wa nani apite kwanza, kwa sababu aliyelifanya hana hata wa kubishana naye.

Nafasi nayo inapungua. Tangu miaka ya 1990 gugu maji limekuwa likifunika sehemu za Ghuba ya Winam, na siku hizi vizimba vya kufugia samaki vimeongezeka. Gugu likifunga njia, boti zote, za tanga na za injini, hubanwa kwenye ukanda mmoja. Mwenye injini huogopa majani yasijizungushe kwenye rafadha, kwa hivyo hung'ang'ania katikati. Mwenye tanga hana nafasi ya kubisha. Kanuni za kwenye karatasi hazikuandikwa na mtu aliyekuwa amekwama ndani ya gugu. Hapo kinachosaidia ni mwendo mdogo.

Sasa nirudi kwenu, kwa sababu haraka ya ziwani huanzia sokoni. Mnunuzi aliye hapa Suneka anapiga simu: uko wapi, lori linaondoka. Mchuuzi aliye ndani ya boti anamgeukia nahodha na kuongeza shilingi mia. Hakuna aliyemwambia nahodha amkate mwenye tanga njia, lakini hicho ndicho kilichonunuliwa kwa ile mia.

Mizigo pia ni yetu. Mikungu ya ndizi kutoka huku inapopelekwa visiwani, au magunia ya omena yanaporudi, yakirundikwa mbele ya boti humziba nahodha macho. Anaongoza kwa kukisia, na tanga lililo chini ya upeo wa gunia halionekani. Mwambieni ayapange chini na katikati. Msisimame mbele yake. Vaeni jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijang'oa, kwa sababu sekunde 21 hazitoshi kulitafuta chini ya kiti. Nahodha akipunguza mwendo kumpisha mwenye tanga, msimguse bega.

Mkigongwa, au mkishuhudia nyavu na tanga la mtu limeraruliwa, semeni kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, siku hiyohiyo. Wao huwajua wenye boti kwa sura na kwa rangi za boti zao. Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, KMA, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, na Walinzi wa Pwani wa Kenya wana kazi ziwani pia, ingawa jina lao linataja pwani tu. Kaunti yetu haina mamlaka juu ya maji hayo, kwa hivyo siwezi kuwaahidi kwamba tutamkamata mtu.

La mwisho ni la usiku. Mashua ndogo ya tanga, iliyo chini ya mita 7, isipoweza kuwasha taa za kawaida, inatakiwa iwe na tochi au taa iliyo tayari, imulikwe mapema kabla ya kugongana. Mwenye boti ya injini akiona mwanga mdogo unaopepea juu ya maji, asidhani ni mvuvi wa omena aliye mbali. Apunguze mwendo hadi ajue ni nini. Nanyi mnaosafiri na wavuvi wa tanga, tochi na betri zinauzwa hapa Suneka. Mkienda, mchukueni moja mumpelekee.

Nimemaliza yangu. Mama mwenye leso ya kijani aliinua mkono kitambo, tuanze naye.